Mafuta Katika Damu: Kolesteroli na Afya ya Moyo kutoka Arua hadi Koboko

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, daktari aliyefanya kazi Uganda aliweza kumaliza miaka mingi ya utumishi wake bila kukutana na Mwafrika hata mmoja mwenye shambulio la moyo lililotokana na kuziba kwa mishipa inayoupelekea moyo wenyewe damu. Hugh Trowell, tabibu Mwingereza aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kutumikia kwa miaka mingi Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1956, pamoja na mwenzake, taarifa ya mgonjwa mmoja tu wa aina hiyo, na taarifa hiyo ikawa habari kubwa kwa wataalamu kwa sababu ugonjwa huo, ambao huko Uingereza na Marekani ulikuwa umekwisha kuwa muuaji mkuu wa wanaume wa makamo, ulikuwa nadra mno miongoni mwa Waafrika wa eneo hili. Wodi za Mulago hazikukosa wagonjwa wa moyo, ila maradhi yao yalikuwa mengine: kuharibika kwa vali za moyo kunakofuata maambukizi ya koo ya utotoni, shinikizo la juu la damu, na ule ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani wa moyo ambao Jack Davies, mwanapatholojia wa Mulago, aliueleza mwaka 1948.

Uchunguzi uliofuata uliipa hali hiyo takwimu. Mwaka 1959 Gerald Shaper na K. W. Jones, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, walichapisha vipimo vya damu vya Waafrika na Waasia wa Uganda, wakaonyesha kwamba kiwango cha kolesteroli cha Waafrika kilikuwa cha chini, ilhali Waasia, walioishi katika mji uleule lakini kwa chakula na kipato tofauti, walikuwa na viwango vya juu na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulijulikana sana kwao. Mwaka uliofuata, 1960, Davies na wenzake wa Marekani walilinganisha maiti 632 zilizofanyiwa uchunguzi Uganda na idadi kama hiyo kutoka St. Louis, umri kwa umri na jinsia kwa jinsia, ili isije ikasemwa kwamba Waganda walikosa ugonjwa huo kwa sababu tu walikufa wakiwa vijana. Misuli ya moyo iliyokufa kwa kukosa damu ilionekana katika maiti 136 za St. Louis, na katika moja tu ya Uganda.

West Nile, eneo lenye Arua na Koboko, nayo ina nafasi yake katika historia hiyo. Hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua, ilijengwa na daktari mmisionari Ted Williams na mkewe Muriel kuanzia miaka ya mwanzo ya 1940, na Williams huyo, aliyesifika kwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa uangalifu mkubwa, ndiye aliyefuatana na Denis Burkitt na Clifford Nelson mwaka 1961 katika safari ya wiki kumi na kilomita zipatazo 16,000 ya kutafuta mipaka ya saratani ya taya ya watoto ambayo leo inaitwa kwa jina la Burkitt. Baada ya kurudi kwao Uingereza, Burkitt na Trowell walijiuliza kwa nini maradhi waliyoyaona huko kila siku hawakuyaona katika hospitali za misheni za Afrika, na jibu lao, lililotolewa katika kitabu walichokihariri mwaka 1975, liliweka mbele nyuzinyuzi za chakula, yaani sehemu ya nafaka, kunde na majani ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuimeng'enya ikaisha. Si kila walichodai kimethibitika, na hawakuwa na haki ya kuyasahau mambo mengine, kama vile kazi ya jembe, miili miembamba na uchache wa sigara. Lakini hoja yao ya msingi, kwamba chakula cha mkulima wa kawaida wa Uganda kiliulinda moyo wake, imesimama hadi leo.

Ni vyema kusema mapema kwamba ulinzi huo haukuwa wa kuzaliwa nao. Wazao wa Waafrika walioko Marekani, wanaokula na kuishi kama Wamarekani wengine, hufa kwa maradhi ya moyo kwa viwango vinavyozidi vya Wamarekani weupe, na hilo linatosha kuonyesha kwamba kilichokuwa kikiwalinda watu wa Uganda katika miaka ya 1950 kilikuwa namna ya maisha, na namna ya maisha hubadilika. Imebadilika Dadamu, eneo la Ayivu ambalo tangu Arua ilipopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020 limo katika mipaka ya jiji hilo, na imebadilika Koboko, kilomita zipatazo 55 kaskazini, mji wa biashara unaopakana na Kongo na Sudan Kusini. Kiini cha makala haya ni kwamba watu wa pande hizi hawahitaji chakula cha kigeni ili kuilinda mioyo yao, ila wanahitaji kujua kwa nini chakula chao cha zamani kilifaa, na ni kitu gani hasa kinachokiondoa mezani.

Kolesteroli, ambayo baadhi ya waandishi huiita lehemu, ni kitu cha jamii ya mafuta kinachopatikana katika kila seli ya mnyama na ya mwanadamu, na mwili usingeweza kuishi bila hicho, kwa kuwa ndicho kinachozipa kuta za seli uimara na ulaini unaofaa, ndicho malighafi ya homoni za uzazi na za tezi za juu ya figo, ndicho kinachogeuzwa kuwa vitamini D ngozi inapopigwa na jua, na ndicho ambacho ini hukitumia kutengeneza nyongo inayosaga mafuta tumboni. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, na sehemu ndogo ndiyo hutoka katika chakula. Kwa hiyo mtu ambaye hajala nyama mwaka mzima bado ana kolesteroli, na wapo watu wembamba wasiopenda mafuta ambao kipimo chao kiko juu sana; jambo hili huwashangaza wengi, lakini ndilo ufunguo wa kuelewa yote yanayofuata.

Kwa kuwa damu ni maji na kolesteroli ni mafuta, haiwezi kusafiri yenyewe, bali hubebwa ndani ya vifurushi vidogo vya mafuta vilivyozungushiwa protini, vinavyoitwa lipoproteini. Vifurushi vya aina moja, vinavyojulikana kwa herufi LDL, hutoka upande wa ini kwenda kwenye viungo vya mwili, na vya aina nyingine, HDL, huokota kolesteroli iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Ndiyo sababu ya kwanza kuitwa kolesteroli mbaya na ya pili kolesteroli nzuri, ingawa majina hayo yanarahisisha mambo kupita kiasi, kwa maana dawa zilizobuniwa kupandisha HDL zimeshindwa kuzuia mashambulio ya moyo, ilhali kila njia iliyothibitika ya kushusha LDL imeyapunguza. Pamoja na hizo hupimwa trigliseridi, ambazo ni mafuta ya akiba yanayopanda kwa sukari, wanga wa kupindukia, unene na pombe.

Madhara huanza pale LDL inapokuwa nyingi katika damu kwa miaka mingi. Utando wa ndani wa mshipa una unene wa seli moja tu, na vifurushi vya LDL hupenya chini yake na kunaswa hapo. Mwili huvichukulia kama uchafu, ukatuma seli nyeupe za damu kuvimeza, seli hizo zikashiba mafuta mpaka zikafa, na mabaki yake yakaongezeka juu ya yale ya jana na ya juzi hadi ukawapo uvimbe laini wenye kiini cha mafuta na kifuniko chembamba cha nyuzi. Kwa muda wa miaka ishirini au thelathini mwenye mshipa huo hahisi lolote. Siku kifuniko hicho kinapopasuka, damu inakutana na yale mafuta na kuganda papo hapo, na ikiwa mshipa huo ni wa moyo, sehemu ya misuli ya moyo huanza kufa katika muda wa dakika chache. Ukiwa ni wa ubongo, matokeo yake ni kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Uhusiano wa kolesteroli na mishipa ulionekana kwanza mwaka 1913 huko St. Petersburg, ambako Nikolai Anichkov aliwalisha sungura kolesteroli tupu na kukuta mishipa yao imejaa mafuta. Maelezo ya namna mwili wa mwanadamu unavyoitawala LDL yalichukua miaka mingine sitini, mpaka Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas walipogundua kwamba juu ya seli, hasa za ini, kuna vipokezi vinavyoishika LDL na kuivuta ndani, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kwa mlaji wa kawaida ugunduzi huo una maana kubwa kuliko anavyoweza kudhani, kwa sababu mafuta yaliyoshiba, yaani yale ambayo molekuli zake zimejaa haidrojeni kiasi kwamba hubanana na kuganda yakipoa, hupunguza kazi ya vipokezi hivyo, LDL ikabaki ikizunguka katika damu. Na kinyume chake, nyuzinyuzi za maharage, kunde na baadhi ya nafaka hushika nyongo tumboni na kutoka nayo chooni, ini likalazimika kutengeneza nyongo nyingine kwa kolesteroli, na ili kuipata likaongeza vipokezi na kuivuta LDL kutoka katika damu. Hivyo sahani ya chakula hufanya kazi yake hasa kwa kupitia ini, na kolesteroli iliyomo ndani ya chakula chenyewe ina mchango mdogo kuliko aina ya mafuta yaliyopikiwa.

Urithi nao una sauti yake. Takriban mtu mmoja kati ya watu 250 hadi 300 duniani huzaliwa na kasoro ya vipokezi au ya jeni zinazohusiana navyo, akawa na LDL ya juu tangu utotoni, na wengine wao huonyesha dalili za nje kama vinundu vya mafuta kwenye kano za kisigino na za vidole. Upande wa pili wa urithi unaihusu Afrika moja kwa moja: mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kati ya Wamarekani weusi waliowafuatilia, asilimia 2.6 walikuwa na jeni ya PCSK9 iliyozimika, LDL yao ikawa chini kwa asilimia 28 tangu kuzaliwa, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ukawa pungufu kwa asilimia 88, na huko Zimbabwe alipatikana mwanamke kijana mwenye afya njema na mzazi wa mtoto ambaye alikuwa amerithi jeni hiyo kutoka kwa baba na mama, na LDL yake ilikuwa ya chini mno. Kutokana na watu hao ilifahamika kwamba LDL ya chini sana haimdhuru mtu mzima, na kwamba kinachohesabika ni miaka ambayo mishipa imekaa ndani ya damu yenye LDL nyingi, jambo linaloifanya kinga ya mapema kuwa na thamani kuliko tiba ya uzeeni.

Mlo wa Walugbara, ambao ndio wenyeji wa Dadamu, ukitazamwa kwa macho ya elimu hii, unastahili heshima kubwa. Enyasa, ugali mzito wa unga wa ulezi, mtama na muhogo, huliwa pamoja na majani ya kunde yanayoitwa osubi, ambayo huchemshwa mpaka yalainike, kisha hukorogewa ufuta au karanga zilizosagwa, bila kukaangwa kwa mafuta ya kumiminwa. Katika chungu hicho kimoja mna nyuzinyuzi za jani, protini ya mbegu, na mafuta ambayo karibu asilimia 85 yake hayakushiba, yakiwa bado yamo ndani ya mbegu yenyewe iliyosagwa nzima. Pembeni huwapo mbaazi, maharage, au angara, samaki mkavu anayeletwa kutoka Ziwa Albert, anayehitaji tu kuloweshwa na kuoshwa vizuri ili chumvi yake isije ikamwongezea mlaji shinikizo la damu. Kwa Wanubi na Wakakwa wa Koboko ipo pia kisra, mkate mwembamba wa unga wa mtama uliochachushwa, unaopikwa juu ya chuma kilichopakwa mafuta kidogo mno.

Haifai, hata hivyo, kuusifu mlo huo bila kupima. Ulezi na mtama vilipoachia nafasi yake kwa muhogo katika karne ya 20, sehemu ya nyuzinyuzi ilipotea, maana unga wa muhogo mtupu ni wanga mweupe usio na mengi zaidi ya nguvu. Mwenye uwezo wa kurudisha ulezi au mtama katika unga wake, hata kwa theluthi moja, anafanya jambo la maana kuliko kununua chakula chochote cha makopo. Na kiasi cha enyasa kilichomfaa mtu aliyelima tangu alfajiri si kile kinachomfaa anayekaa dukani au juu ya bodaboda mchana kutwa. Arua ilijulikana kwa baiskeli zake; leo barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua hadi Koboko na Oraba imejaa pikipiki, biashara imepanuka, na wakati huohuo mwendo wa miguu na wa pedali umepungua katika maisha ya watu wengi. Mazoezi hayashushi LDL kwa kiasi kikubwa, lakini hushusha trigliseridi, sukari na shinikizo la damu, na dakika 150 za kutembea kwa kasi katika wiki, ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima, hazidai uwanja wala vifaa.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yameingia kupitia mafuta ya kupikia. Mawese hutoka Kongo kwa wingi, na mafuta ya viwandani ya chikichi huuzwa kila duka kwa chupa, kwa kikombe na hata kwa vifuko vya bei ndogo. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, wakati katika mafuta ya alizeti ni takriban sehemu moja ya kumi, ya ufuta sehemu moja ya saba, na ya karanga sehemu moja ya sita. Hapa ndipo mnunuzi anapopotoshwa na maandishi ya chupa. Chupa inaposema kwamba mafuta yaliyomo hayana kolesteroli, inasema kweli, kwa sababu hakuna mmea unaotengeneza kolesteroli kwa kiasi cha kuhesabika, lakini ukweli huo haumsaidii mtu yeyote, kwa kuwa mawese na nazi, ambazo ni za mimea, huipandisha LDL kwa mafuta yake yaliyoshiba, na mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni huenda yakabeba aina mbaya zaidi, mafuta ya transi, ambayo huipandisha LDL na kuishusha HDL kwa mpigo mmoja, hata Shirika la Afya Duniani likatoa wito mwaka 2018 yaondolewe katika chakula cha dunia nzima. Swali linalofaa dukani ni mafuta haya yametoka katika mbegu gani, na yanaganda au hayagandi. Mafuta ya moyao, yanayokamuliwa kutoka kokwa za mti unaoota Uganda ya kaskazini na West Nile, yako katikati: yana mafuta yaliyoshiba mengi kuliko ya alizeti, lakini ni laini na yana asidi ya oleiki, aina ya mafuta yasiyoshiba, nyingi kuliko yale ya mti wa jamii hiyo huko Afrika Magharibi, kwa hiyo hakuna haja ya kuyakimbia yakitumiwa kwa kiasi.

Chapati na rolex, yaani mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, vimekuwa kifungua kinywa cha kila njiapanda, na lawama imezoeleka kuangushiwa mayai. Yai moja lina kolesteroli ipatayo miligramu 200, lakini kwa watu wengi yai moja kwa siku halibadilishi kipimo kwa kiasi cha kutisha. Tatizo la rolex liko zaidi katika unga mweupe uliokandwa na kuchomwa kwa mafuta mengi, na katika mazoea ya kuifanya iwe mlo wa kila siku. Vivyo hivyo mandazi na viazi vinavyokaangwa katika karai ambalo mafuta yake hayamwagwi, bali huongezewa tu kila asubuhi, humfikishia mlaji mafuta yaliyoharibika kwa moto wa siku nyingi. Nyama ya mbuzi au nguruwe ya kuchoma si haramu kwa moyo, lakini ngozi, mafuta meupe ya pembeni na matumbo ndivyo vyenye mafuta yaliyoshiba kwa wingi, na tofauti kati ya nyama ya Jumapili na nyama ya kila jioni ni kubwa.

Hata hivyo, kuitazama kolesteroli peke yake ni kosa ambalo West Nile haipaswi kulifanya, kwa kuwa hatari ya moyo hujumlishwa. Utafiti wa Framingham ulioanza Marekani mwaka 1948 kwa watu 5,209 ndio ulioonyesha kwamba kolesteroli, shinikizo la damu na sigara huongezeana nguvu, na mtu mwenye vyote vitatu kwa viwango vya wastani anaweza kuwa hatarini kuliko mwenye kimoja kilichopita mpaka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Uganda ana shinikizo la juu la damu, na wengi mno miongoni mwao hawakujua. Tumbaku kwa upande wake imelimwa West Nile kwa vizazi kadhaa, ikalipa ada za shule za watoto wa Arua na Koboko, na ikaingia katika mazoea ya wakulima wenyewe. Moshi wake hujeruhi ule utando wa seli moja ambao LDL hupenyea, hushusha HDL na huifanya damu igande upesi. Kwa mvutaji, kuacha tumbaku kunaupa moyo wake faida kubwa kuliko badiliko lolote la sahani, na mwandishi wa mambo ya afya anayeshindwa kulisema hili waziwazi kwa kuogopa kuugusa uchumi wa mkulima hamtendei haki mkulima huyo.

Kwa kuwa kolesteroli haina maumivu wala homa, njia ya kuijua ni kupima damu tu. Kipimo kamili hutoa namba nne: kolesteroli yote, LDL, HDL na trigliseridi, na maabara huziandika ama kwa milimoli kwa lita ama kwa miligramu kwa desilita, hivyo ni lazima kuangalia kizio kabla ya kufurahi au kuogopa. Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, kolesteroli yote inafaa iwe chini ya 5.0, sawa na takriban 190 kwa kizio cha pili, LDL chini ya 3.0 au 116, trigliseridi chini ya 1.7 au 150, na HDL isipungue 1.0 kwa mwanamume na 1.2 kwa mwanamke. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha kuziba kwa mshipa hutakiwa kuishusha LDL mpaka chini ya 1.8, na miongozo mingi ya leo humtaka afike 1.4. Zamani kila mgonjwa aliamriwa kufunga usiku kucha, lakini tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wamekubali kwamba kwa uchunguzi wa kwanza kufunga si lazima, isipokuwa pale trigliseridi zinapotiliwa shaka.

Vituo vidogo vya afya ambavyo havina mashine ya kemia ya damu havikuachwa bila nyenzo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali mapya ya kukadiria hatari, yaliyotengenezwa kwa kila kanda, ikiwamo Afrika ya Mashariki, na moja kati ya majedwali hayo halihitaji damu hata kidogo: mhudumu huangalia umri, jinsia, uvutaji, shinikizo la damu na uwiano wa uzito na urefu, kisha husoma uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka kumi ijayo. Anayeangukia katika rangi za jedwali zinazoonyesha hatari ndiye wa kupelekwa kwenye maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, ya Kuluva au ya Koboko, na mwenye tatizo zito zaidi huelekezwa kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, safari ya karibu kilomita 500 ambayo wengi hawaimudu, ndiyo maana kazi ya kituo cha karibu ina uzito wa pekee. Kila aliyefikisha miaka 40, na kila mwenye kisukari au shinikizo la damu kwa umri wowote, anastahili makadirio hayo.

Chakula na mazoezi visipotosha, au hatari ikiwa kubwa tangu mwanzo, daktari huandika dawa za jamii ya statini. Asili yake ni kuvu: Akira Endo wa Japani alichunguza aina zipatazo 6,000 za kuvu kabla ya kupata, mwaka 1973, ile iliyozuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli, na ya kwanza kuuzwa iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia uliohusisha wagonjwa 4,444 ulionyesha kwamba simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30 miongoni mwa watu waliokuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na tangu mwaka 2007 dawa hiyo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Leo statini hutengenezwa na viwanda vingi bila hataza, kwa hiyo bei yake imeshuka sana kulinganisha na ya zamani. Kwa jumla, kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, mashambulio ya moyo na viharusi hupungua kwa takriban sehemu moja ya tano. Mwaka 2023 utafiti mwingine uliofanyika katika nchi 12, zikiwemo za Afrika, ulionyesha kwamba watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi nao hufaidika na statini hata kama hatari yao ya kawaida si kubwa, na hilo lina maana kwa nchi ambayo watu wengi wamezeeka wakitumia dawa za kupunguza makali ya virusi. Kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hugongana na baadhi ya statini, chaguo ni la daktari, wala si la duka la dawa.

Maumivu ya misuli huwapata wachache, na wanaoyapata mara nyingi husaidiwa kwa kubadilishiwa aina au kipimo. Mjamzito kwa kawaida hapewi dawa hizi. Maji ya ndimu, kitunguu saumu na chai za mitishamba zinazouzwa sokoni kwa ahadi ya kuyeyusha mafuta yaliyoganda katika mishipa hazifanyi kazi hiyo, na hasara yake kubwa si fedha bali ni miezi ambayo mgonjwa huiacha dawa aliyoandikiwa akingoja ahadi itimie. Statini hushusha kolesteroli muda wote inapomezwa, na ikiachwa kiwango hurudi kilipokuwa katika wiki chache, ndiyo sababu kipimo hurudiwa kati ya wiki ya nne na ya kumi na mbili tangu dawa ianze, kisha kila mwaka, hata mgonjwa akijisikia mzima kabisa. Na katika familia ambayo baba au kaka alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, ndugu wa tumbo moja na watoto wao wapimwe bila kungoja miaka 40, kwa maana kasoro ya vipokezi hurithiwa na mtoto mmoja kati ya wawili.